Yesu Aliuliza Kwanza: Kifafa, Maumivu ya Nafsi na Kipimo cha Hopitali

Masomo ya juma: Marko 9:14–29; Matayo 4:23–24; 1 Watesalonike 5:23



Tangu tulipohubiri juu ya yule kijana wa Marko 9, watu wamekuja nyumbani kwangu na swali moja. Siku ya posho mama mmoja alifika kutoka upande wa mashamba, binti yake wa miaka tisa mgongoni. Binti anajua kutembea vizuri, lakini mama anaogopa kumwacha peke yake, kwa kuwa mwezi uliopita alianguka karibu na mbabula na mkono wake wa kushoto ukaungua. Nilimpa kiti, hakuketi. Aliniuliza akiwa amesimama: "Pasta, huyu ana kifafa ao ni pepo? Nimpeleke hopitali ao nimwache hapa kwa maombi?"

Zamani ningemjibu palepale. Leo sijibu haraka namna ile, na hapa chini nitawaeleza ni nini kilinifundisha. Juma hili nataka tushike jambo moja: mtu akianguka na kutikisika, hatujui bado ni nini mpaka tumetazama na kuuliza. Madaktari wamejenga vyumba na mashine kwa ajili ya kazi hiyo ya kutazama. Sisi tusio na mashine, Bwana mwenyewe alituonyesha pa kuanzia.

Swali la Yesu

Fungua Marko 9. Wanafunzi wameshindwa kumponya mtoto, waandishi wanabishana nao, makutano wamezunguka. Kila mtu ana maneno. Baba peke yake ndiye anayeeleza kile alichokiona kwa macho: mtoto anatupwa chini, anatoka povu, anasaga meno, mwili unakauka. Kisha mtoto anaanguka mbele ya Bwana. Na Yesu anafanya nini? Yeye ajuaye yote anamgeukia baba na kumwuliza: jambo hili limempata tangu lini? Baba anajibu kwamba tangu utoto, tena mara nyingi limemtupa katika moto na katika maji.

Angalieni mstari wa 21 vizuri. Yesu hakuuliza kwa sababu hakujua. Aliuliza ili baba aseme, nasi tusikie. Hata leo daktari wa ubongo, mwenye mashine za bei kubwa, anaanza na swali lilelile: tangu lini? Linaanza namna gani? Nani aliyeliona? Maana mwenye kuanguka, mara nyingi hajui kilichompata. Anayejua ni yule aliyesimama kando.

Sasa fungua Matayo 4:24. Watu wa Siria walileta kwa Yesu wagonjwa wa kila namna, na Matayo anawahesabu: wenye pepo anawataja peke yao, wenye kifafa peke yao, wenye kupooza peke yao. Kama kila kifafa kingekuwa pepo, kwa nini awataje mara mbili? Wale wa zamani walijua kwamba si kila anayeanguka ana shida moja. Ni kweli, yule kijana wa Marko 9 alikuwa na pepo, na Yesu alimkemea. Sifichi neno hilo, ninaliamini na kulihubiri. Lakini kutoka katika kijana mmoja hatuwezi kufanya sheria juu ya kila mtoto anayeanguka katika kartie zetu.

Mtume Paulo anaandikia Watesalonike juu ya roho, nafsi na mwili. Sisi Wapentekoste tunapenda kufundisha mambo hayo matatu. Basi tuyatumie pia mtu anapoanguka. Mara nyingi tunarukia roho, tukipita mwili na nafsi kama mtu anayepita nyumba mbili bila kupiga hodi.

Kuanguka kwa mwili: kifafa

Ubongo unafanya kazi kwa umeme mdogo sana. Sehemu zake zinasemezana kwa umeme huo usiku na mchana, kila moja kwa zamu yake. Katika kifafa, sehemu nyingi zinapiga kelele kwa pamoja, kama wana-korali ambao wote wamepaza sauti mara moja bila kungojea zamu yao. Kwa dakika moja ao mbili mwili unapoteza uongozi. Kisha kelele inaisha, mtu anabaki mzito, anakoroma, anaamka akiwa amechanganyikiwa.

Si kila kifafa kinaangusha mtu. Kuna mtoto anayetazama tu mahali pamoja sekunde chache, jina lake likiitwa hasikii. Mwalimu anampiga akisema ni mvivu. Kuna mtu anayetikisika mkono mmoja peke yake. Hivyo vyote vinaweza kuwa kifafa.

Sababu zake ni nyingi: mtoto aliyekosa pumzi mama alipochelewa katika uchungu wa kuzaa; malaria iliyopanda kichwani; homa ya uti wa mgongo; pigo la kichwa katika ajali ya pikipiki; mabuu ya tegu wa nguruwe yaliyofika katika ubongo. Karibu na mito ya maji ya kasi kuna pia usubi, yule mdudu mdogo anayeleta ugonjwa wa upofu wa mito. Watafiti wameona kwamba mahali ugonjwa huo ulipozidi, hata hapa Congo, kifafa nacho kimezidi. Kwa hiyo dawa ya Mectizan inapogawanywa, usiikimbie. Na kwa wagonjwa wengi sababu haionekani kabisa.

Povu la mgonjwa haliambukizi. Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linasema watu karibu milioni 50 ulimwenguni wanaishi na kifafa, na kwamba hadi 70 kwa 100 wangeweza kukaa bila kuanguka kama wangepata dawa inayofaa na kuimeza kila siku. Dawa moja ya bei ndogo ni fenobarbitali, ambayo wengi wetu tunaiita Gardénal.

Kuanguka kwa nafsi

Kuna watu wengine wanaoanguka, wanatikisika, wanapoteza maneno, na bado katika ubongo wao hakuna ile kelele ya umeme. Mwili unaanguka, lakini shina la jambo liko katika nafsi: hofu, huzuni isiyoliliwa, kubakwa, kupigwa nyumbani, vita, ndoa ya kulazimishwa. Pengine hata mgonjwa mwenyewe hawezi kusema ni nini.

Hapa wengi wanasema: "Basi anaigiza!" Hapana, wapendwa. Mama anapoletewa habari ya kifo cha mwanawe, miguu inakatika, anaanguka chini. Nani aliiamuru miguu yake? Mwanafunzi akiogopa mtihani, tumbo linamwuma na anaenda chooni mara tano. Je, ameigiza? Nafsi inaweza kushika mwili bila kuomba ruhusa kwa mwenyewe. Kuanguka kwa nafsi ni ugonjwa wa kweli, na mateso yake ni ya kweli. Lakini dawa ya kifafa haiuponyi.

Ndiyo maana kutofautisha ni jambo la maisha. Ukimnyima dawa mwenye kifafa, anaweza kufa kwa moto, kwa maji, ao kwa kuanguka mfululizo bila kuamka. Ukimpa dawa za kifafa yule mwenye maumivu ya nafsi, unamjaza usingizi miaka na miaka, na kidonda chake kinabaki bila kuguswa.

Namna hopitali inavyotazama

Mwaka 1924 daktari Mjerumani jina lake Hans Berger, katika mji wa Jena, alifaulu mara ya kwanza kuandika umeme wa ubongo wa mtu kutoka juu ya kichwa. Alitangaza jambo hilo mwaka 1929. Kipimo hicho kinaitwa elektroensefalogramu, kwa kifupi EEG.

Kinafanyika hivi. Wanaweka juu ya ngozi ya kichwa vipande vidogo vya chuma, karibu 20, kila kimoja na uzi wake, wakivishika kwa dawa kama pomada. Hakuna sindano, hakuna umeme unaoingizwa kichwani. Mashine inasikiliza tu. Ninyi wasikilizaji wa redio mnajua: mvua ikikaribia na radi ikipiga, redio inakwaruza mbele hata ya kusikia ngurumo. EEG ni kama redio iliyowekwa kusikiliza dhoruba ya ubongo, nayo inaandika mistari inayopanda na kushuka.

Lakini kuna shida. Kipimo cha kawaida kinachukua nusu saa hivi, na dhoruba haina saa yake. Mtu mwenye kifafa cha kweli akipimwa siku ambayo hakuanguka, mistari inaweza kuwa safi kabisa. Inatokea karibu kwa nusu ya wagonjwa katika kipimo cha kwanza. Kwa hiyo karatasi safi haisemi kwamba hana kifafa. Tena kuna watu wasioanguka kamwe ambao mistari yao ina alama ndogo zisizo za kawaida. Kwa hiyo karatasi yenye alama nayo haitoshi peke yake.

Ndiyo sababu katika hopitali kubwa za inchi nyingine wamefanya vyumba vya kungojea. Mgonjwa analazwa siku kadhaa, nyuzi ziko kichwani usiku na mchana, na kamera inamtazama kitandani. Wauguzi wako karibu. Pengine daktari anapunguza dawa kidogokidogo ili anguko lije pale mbele ya kamera. Jambo hilo linafanywa hopitali peke yake, chini ya ulinzi, na mtu asilijaribu nyumbani. Mara nyingi ndugu wa mgonjwa anakaa naye, kwa sababu daktari atamwuliza: "Hili ndilo anguko mnaloliona nyumbani?"

Anguko likija, madaktari wanaweka picha na mistari pamoja, sekunde kwa sekunde. Mwili ukitikisika na mistari ikapanda kwa dhoruba, ni kifafa, na mistari inaweza pia kuonyesha ni upande gani wa ubongo ulioanza. Mwili ukitikisika na mtu hajibu, lakini mistari inabaki ile ya mtu aliye macho, hiyo ni alama kubwa ya kuanguka kwa nafsi. Hata hapo daktari mwenye hekima hakimbilii jibu, maana kuna kifafa kinachoanza ndani sana ya ubongo na hakifiki juu ya kichwa. Anachanganya picha, mistari na habari za maisha ya mgonjwa, ndipo anasema.

Na wamevumbua nini? Kati ya wagonjwa wanaotumwa katika vyumba hivyo kwa sababu dawa za kifafa zimeshindwa, wengi wanaonekana hawana kifafa. Katika hopitali nyingi ni kama mmoja kwa watano ao zaidi. Wengine wana vyote viwili, kifafa na kuanguka kwa nafsi. Na uchunguzi uliofanywa Ujerumani ulionyesha kwamba wenye kuanguka kwa nafsi walikuwa wamengojea miaka karibu 7 mbele ya kuambiwa ugonjwa wao wa kweli. Miaka saba ya dawa isiyo yao! Ikiwa inchi zenye mashine zimekosea miaka saba, sisi tunatoa wapi ujasiri wa kuhukumu kwa dakika moja?

Kitgum na Mahenge

Kule Kitgum, kaskazini ya Uganda, baada ya miaka ya vita, watoto walianza kutikisa kichwa mbele na nyuma, hasa walipoletewa chakula. Walikonda, wakaacha masomo. Watu wengine walisema ni roho za waliouawa. Mwaka 2009 wizara ya afya ya Uganda pamoja na wataalamu kutoka Marekani waliwachunguza watoto 23, na baadhi yao wakapimwa kwa EEG. Mara mbili kichwa kilitikisika wakati mashine ikiandika. Mistari ilibadilika ghafula, na saa ileile misuli ya mgongo ikalegea. Kichwa kilianguka kwa sababu nguvu ya misuli ilikatwa na ubongo. Kilikuwa kifafa. Watoto wale walihitaji dawa.

Kule Mahenge, Tanzania, daktari mama Louise Jilek-Aall kutoka Norway alikuwa ameona watoto wa namna hiyo tangu miaka ya 1960. Aliwakuta wenye kifafa wakiishi kando, wameungua, watu wakiogopa kuwagusa. Hakuwa na chumba cha kamera. Mwaka 1960 alianzisha kliniki ya kifafa, akawatazama, akawauliza wazazi, akatoa fenobarbitali, na wengi wakarudi kuishi katikati ya watu. Mama huyo anatuonyesha kwamba kukosa mashine si sababu ya kukosa kutazama.

Nilivyokosa mimi

Sasa neno nililoahidi. Miaka iliyopita, katika kanisa nililolichunga mbele ya kuja huku, wazazi waliniletea kijana wa miaka kumi na moja. Alikuwa akimeza Gardénal na alikuwa amekaa miezi mitano bila kuanguka. Tulifunga na kuomba siku tatu. Siku ya tatu nilisema mbele ya kanisa kwamba amefunguliwa, na kwamba vidonge sasa ni alama ya mashaka. Baba yake alivitupa chooni mbele ya macho yangu, nasi tukapiga vigelegele.

Siku ya tano alianza kuanguka usiku. Alianguka, na mbele hajaamka akaanguka tena, hata asubuhi. Nilimsukuma mimi mwenyewe juu ya kinga hadi hopitali. Hakufa. Lakini hakurudi kuwa yule mtoto wa zamani: leo ni kijana anayevuta mguu, na maneno yake yanakawia. Daktari hakunigombeza. Alinieleza tu kwamba dawa ya kifafa ikikatwa kwa ghafula, dhoruba inarudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Nimeomba msamaha kwa wazazi wake, na wamenisamehe. Ninaandika haya ili mchungaji mwenzangu asihitaji kuomba msamaha wa namna hiyo.

Miaka baadaye nilikosa kwa njia nyingine. Dada mmoja wa korali alikuwa akianguka katika mikesha, tena nyumbani. Kwa kuwa niliogopa kosa la kwanza, nilimwambia ni kifafa, ameze dawa tu. Alimeza miaka mitatu, alikuwa akisinzia katika mazoezi, na maanguko hayakupungua. Mwisho ndugu zake walimpeleka mji mkubwa, akapimwa EEG, na akaanguka palepale kitini, nyuzi zikiwa kichwani. Mistari ilibaki tulivu. Daktari hakumwambia, "Huna kitu." Alimwambia: "Kuanguka kwako ni kwa kweli, lakini hakutoki katika umeme wa ubongo. Ninataka kusikia maisha yako." Ndipo, kidogokidogo, alisema kilichompata wakati familia yake ilipokimbia vita vya Mai-Mai upande wa Mitwaba. Alikuwa na miaka kumi na minne. Hakuna mtu kanisani aliyewahi kumwuliza. Yesu aliuliza tangu lini. Mimi sikuuliza.

Tusio na mashine tufanye nini

Mwaka 2013 wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Kupambana na Kifafa waliandika kwamba kuna ngazi za uhakika. Ngazi ya juu ni kamera na EEG pamoja. Lakini ngazi za chini zinaanza na ushuhuda wa aliyeona, na picha ya video iliyochukuliwa nyumbani. Mwaka 2020 madaktari huko Marekani walitangaza kwamba wataalamu wakitazama video ya simu tu, waliotambua kifafa walikuwa sawa karibu mara tisa kwa kumi. Basi simu iliyo mfukoni mwako inaweza kumsaidia daktari aliye mbali.

Mtu akianguka, mmoja amsaidie, mwingine atazame na kukumbuka mambo haya:

1. Lilianza saa ngapi, likaisha saa ngapi? Kifafa kikubwa mara nyingi kinaisha ndani ya dakika mbili hivi. Kuanguka kwa nafsi mara nyingi kunakawia, kunapoa na kuanza tena.

2. Macho yako wazi ao yamefungwa? Katika kifafa mara nyingi yako wazi. Katika kuanguka kwa nafsi mara nyingi yamefungwa kwa nguvu.

3. Mikono na miguu inatikisika kwa mpigo mmoja, ao kila kiungo kwa njia yake? Kichwa kinaenda kushoto na kuume?

4. Aliuma ulimi, hasa upande? Baadaye alikoroma na kuchanganyikiwa, ao alilia na kukumbuka maneno yaliyosemwa?

5. Alikuwa akifanya nini mbele ya kuanguka? Alikuwa amelala usingizi kabisa? Kulikuwa ugomvi?

Alama moja peke yake haitoshi. Mkojo unaweza kutoka katika hali zote mbili, na mtu anaweza kuumia katika zote mbili. Wewe si mwenye kuhukumu. Wewe ni shahidi. Peleka ushuhuda wako kituo cha afya. Na ukichukua video, mfunike mgonjwa nguo vizuri, umwonyeshe daktari peke yake. Kuituma kwa marafiki katika simu ni dhambi juu ya mtu aliyelala chini asiyeweza kujitetea.

Wajibu wa kanisa

Kwanza, mwili ulindwe. Sogeza moto na vitu vikali. Mlaze kwa ubavu, weka nguo chini ya kichwa. Usitie kijiko wala kidole kinywani, usimshike kwa nguvu, usimwagie maji. Dakika 5 zikipita bila kuisha, ao akianguka tena mbele hajaamka, mpeleke hopitali mara moja.

Pili, mchungaji asimwambie mtu yeyote aache dawa. Mungu akiponya, daktari ataona, naye ndiye atakayepunguza vidonge polepole. Uponyaji wa Mungu hauogopi kupimwa. Yesu aliwatuma wenye ukoma kwa makuhani wakatazamwe.

Tatu, mwenye kifafa asilazimishwe kukesha usiku mzima. Kukosa usingizi kunaamsha dhoruba ya ubongo. Aombewe mchana, kisha alale. Asiache kumeza dawa kwa sababu ya kufunga. Na yule atakayemfunga kamba ao kumpiga ili pepo atoke, wazee wa kanisa wamzuie.

Nne, kwa mwenye kuanguka kwa nafsi, tuache kelele. Asizungukwe na watu hamsini. Ndugu mmoja ao mama mmoja mwenye siri akae naye. Tusimwambie anaigiza, wala tusimwambie ana pepo mbele ya kumsikiliza. Kama kuna anayempiga nyumbani, hapo ndipo pa kukemea kwanza. Kama alikuwa akimeza dawa za kifafa, asiziache mwenyewe, daktari amwongoze. Lubumbashi kuna kituo cha Joseph Guislain cha Mabruda wa Upendo kinachopokea wagonjwa wa akili na wa kifafa. Gari-moshi ni la taabu, tunajua, lakini kanisa linalochanga kwa ajili ya vyombo vya muziki linaweza kuchanga tiketi ya mgonjwa mmoja.

Na maombi? Tusiache hata siku moja. Tuombe mbele ya dawa, wakati wa dawa na baada ya dawa. Luka alikuwa tabibu, na Paulo alimwita mpendwa. Hakuna ugomvi kati ya goti lililopigwa na kidonge kilichomezwa.

Yule mama wa siku ya posho, nilimwuliza: tangu lini? Akasema tangu binti alipougua malaria kali akiwa na miaka minne. Nikauliza macho, nikauliza muda, nikauliza usingizi. Hatimaye aliketi. Alisema hakuna aliyemwuliza mambo hayo mbele. Niliandika majibu yake katika karatasi, tukamwekea binti mikono na kumwomba Mungu, kisha mke wangu akaenda nao hadi kituo cha afya na karatasi ile. Muuguzi aliisoma yote. Binti ameanza dawa, nasi tunaendelea kuomba na kutazama.

Marko anamaliza kwa jambo dogo. Kijana amelala kama maiti, watu wanasema amekufa. Yesu anamshika mkono na kumwinua. Katika inchi ambamo watu wanaogopa kumgusa mwenye kuanguka, mkono huo ni mahubiri.

Tuombe: Bwana Yesu, utupe macho ya kutazama na masikio ya kusikiliza. Utuondolee haraka ya kuhukumu. Wabariki wauguzi na madaktari, walinde watoto na moto na maji. Na sisi, kama yule baba, tunaamini. Utusaidie mahali imani yetu inapopungua. Amina.

Maswali kwa vikundi vya nyumbani

1. Katika kikundi chetu, nani anaishi na mtu anayeanguka? Tumewahi kumwuliza tangu lini?

2. Kwa nini Matayo 4:24 inataja wenye pepo na wenye kifafa mbalimbali?

3. Tufanye nini juma hili ili mgonjwa mmoja afike kituo cha afya na asikose dawa yake?